Je, Wajua? Weusi wa Paa Ni Kitu Hai

Weusi ulio juu ya paa la vigae si masizi tu. Mara nyingi ni mwani na kuvu. Hata ule ukoko wa kijivu ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, kama mwenye nyumba na mpangaji. Ukipaka rangi juu ya ukoko, siku ukibanduka huondoka na rangi yako.

Vigae hupandana kama magamba ya samaki ili maji yateremke. Ndiyo maana fundi mzuri huosha akianzia kileleni, maji yakielekea chini. Akirusha kwenda juu, maji hupenya hadi darini. Presha ikizidi, hula uso wa kigae cha saruji.

Wengi husahau gata. Kama maji ya mvua hutoka humo na kuingia tangini, chomoa bomba lake kabla ya kuosha. Dawa ya klorini ya kuulia mwani na kuvu si ya kunywa.

Kisha subiri paa likauke kabisa kabla ya kupaka rangi. Kigae cha udongo hunywa maji, na unyevu ukifungiwa ndani, jua likiwaka rangi hufura malengelenge. Vile vigae vya zamani vya Mangalore, vilivyoletwa pwani yetu kutoka India, mimi ningeviosha tu na kuviachia wekundu wake.