Kwa Nini Neno la Siri Halirudishwi

Mtu aliyeiacha akaunti yake ya barua pepe kwa miaka mingi, kisha akaihitaji kwa kuwa ndani yake mna picha za marehemu mama yake, aghalabu hubonyeza yale maneno "Umesahau neno la siri?" akitumai kwamba kampuni itafunua daftari lake na kumtajia neno lile lile; na anapotakiwa kuweka jipya, hudhani ananyimwa haki yake. Hanyimwi. Kampuni inayofuata utaratibu ulio sahihi hailijui neno hilo hata yenyewe.

Hapo kale mambo hayakuwa hivyo. Katika chuo cha MIT, Marekani, watumiaji wengi walishirikiana kompyuta moja, na maneno yao ya siri yakawekwa waziwazi katika faili moja. Mwaka 1962 Allan Scherr, mtafiti aliyeona saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiagiza mashine ilichape faili hilo, nayo ikatii. Na mwaka 1966 faili hilo hilo likachukua, kwa kosa, mahali pa tangazo la siku, hata kila aliyeingia akaoneshwa siri za wenziwe.

Dawa waliyoieleza Robert Morris na Ken Thompson mwaka 1979, ambayo asili yake ilikuwa Cambridge kwa Roger Needham, ni kulipitisha neno katika hesabu isiyorudi nyuma, kisha kuhifadhi zao lake tu. Kwani nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui, hakuna fundi awezaye kuirudisha kifuuni. Kila uingiapo, hesabu hufanywa upya na mazao mawili hulinganishwa. Kwa hesabu iitwayo SHA-256, zao huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, na ukibadili herufi moja tu ya neno, ndogo ikawa kubwa, zao zima hugeuka lisitambulike. Basi tovuti ikikuletea neno lako la zamani kama ulivyoliandika, ogopa: imelihifadhi kwa namna inayosomeka.

Kwa kuwa neno halirudi, hubaki suala la ithibati: wewe ni nani? Zamani iliulizwa tarehe ya kuzaliwa au ukoo wa mama, mambo ambayo mtaani kwetu hata muuza maandazi anayajua. Mwaka 2008 barua pepe ya Sarah Palin, mgombea wa umakamu wa rais wa Marekani, iliingiliwa na mwanafunzi aliyejibu maswali ya namna hiyo kwa habari zilizokuwa zimeenea hadharani.

Siku hizi hutumwa namba ya uthibitisho kwa simu, na hapo ndipo akaunti kuukuu hukwama, kwa sababu laini iliyolala kwa miezi kadhaa huweza kugawiwa mtu mwingine, na namba yako ikamfikia mgeni asiyejua imetoka wapi. Asiye na laini hiyo ajaribu kwa simu au kompyuta aliyoizoea, na mahali alipokuwa akiingilia, kwani mitambo huhesabu hayo kuwa ushahidi. Wala asikawie, maana Google, tangu Desemba 2023, imeanza kuzifuta akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka 2, pamoja na barua na picha zilizomo.