Chopsi ya Unene wa Vidole Viwili

Jumamosi asubuhi huendesha gari kutoka Lackawanna hadi Broadway Market, upande wa mashariki wa Buffalo, Marekani, kununua nyama ya nguruwe. Soko hilo lipo tangu 1888, katika mtaa walimojazana wahamiaji kutoka Polandi, na mabucha yake mpaka leo yananukia soseji na kitunguu saumu. Nikifika mbele ya kioo sisemi mengi. Naweka vidole viwili pamoja, nalaza mkono, namwonyesha muuza nyama unene ninaoutaka. Anatoa pande zima la mgongo, anaweka kisu, ananitazama nikubali kwanza ndipo akate. Karibu sentimita 4, na mfupa wake wa ubavu. Huku huiita chopsi, na hicho ndicho kipande ninachotaka kukieleza.

Wasomaji wasiokula nguruwe watanivumilia. Nimezungukwa nao hapa. Lackawanna ilikuwa mji wa kiwanda cha chuma, na Wayemeni wengi waliletwa na kazi hiyo, wakajenga msikiti, wakabaki hata baada ya kampuni ya Bethlehem Steel kuzima sehemu kubwa ya mitambo yake 1983. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa Kiyemeni. Kikaango cha nguruwe kwangu ni kimoja, kina ndoano yake ukutani, na sahani ninayomshushia mama yule sikukuu haijawahi kuonja nyama hii.

Nilikulia Moshi, na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, tulichokijua ni cha vipande vidogo. Nyama hukatwakatwa, huchemshwa kwa ndimu, tangawizi na chumvi mpaka maji yakauke, kisha hukaangwa kwa mafuta yake yenyewe. Pembeni kuna ndizi, kachumbari na pilipili. Kipande kidogo hakina siri: nje kikiiva, na ndani kimeiva.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa nilinunua chopsi mbili nene nikazipika kwa mazoea hayohayo, moto mkali, mafuta yanaruka. Baada ya dakika 10 nje ilikuwa nyeusi. Nikaikata: karibu na mfupa nyama bado mbichi kabisa. Nikairudisha motoni, nikaiacha hadi nikaridhika, na tulichokula usiku ule kilikuwa kikavu kama ubao. Wanangu walimaliza viazi, nyama wakaiacha.

Ilinichukua muda kuelewa kosa. Joto huingia ndani ya nyama polepole sana, na moto mkali hauliharakishi katikati, huunguza nje tu. Halafu mgongo wa nguruwe ni sehemu isiyo na mafuta mengi, tena nguruwe wa Marekani wamefugwa kwa miaka mingi ili wakonde. Mwaka 1987 wafugaji wa hapa walianzisha kampeni kubwa ya kuitangaza nguruwe kuwa nyama nyeupe kama kuku. Mafuta yaliyokuwa yakilinda nyama yalipungua, na mpishi akabaki na kipande ambacho dakika 3 za ziada zinatosha kukiharibu.

Lakini kwa nini tunaipika kupita kiasi? Kwa sababu tulifundishwa kuogopa, na woga huo haukuwa wa kijinga. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu huweza kupata malengelenge ya tegu ndani ya misuli. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu humea tumboni mwake. Mayai ya tegu yakitoka chooni na kuingia katika maji au chakula cha wengine, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Vijijini kwetu ugonjwa huu upo. Mama yangu aliyesema nyama ya nguruwe isionyeshe hata chembe ya wekundu alikuwa akitulinda.

Kilichonitoa kwenye ubao ule ni kipimajoto cha sindano. Mwaka 2011 Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango chake kwa nyama nzima ya nguruwe: nyuzi 63 za Selsiasi katikati, au 145 kwa vipimo vya huku, kisha nyama ipumzike dakika 3. Iliyosagwa ni nyuzi 71. Nyama ya nyuzi 63 hubaki na wekundu hafifu katikati na sehemu kubwa ya majimaji yake. Sindano ichomwe kutoka ubavuni mwa chopsi mpaka kitovu chake, isiguse mfupa, maana mfupa utakudanganya.

Njia ninayoipenda kuliko zote huanza na chumvi. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, naipaka kila chopsi kiasi cha nusu kijiko cha chai cha chumvi pande zote, naiacha wazi kwenye friji juu ya waya. Asubuhi ngozi ya juu imekauka, na chumvi imeshazama. Mafuta ya ukingoni nayachanja kwa kisu, la sivyo hujikunja motoni na kuiinua nyama. Kisha oveni ya moto mdogo, nyuzi 120, kwa dakika 35 au 40, mpaka katikati isome 57. Ikitoka hapo haipendezi, ina rangi ya kijivu, na mgeni akiiona atakuhurumia. Ndipo kikaango kizito cha chuma kinapokuwa kimeshika moto sawasawa. Mafuta kidogo, dakika moja na nusu kila upande, halafu naisimamisha kwa koleo ili ukingo wa mafuta nao ukaangike. Ikisoma 63 naitoa. Nje ina ukoko wa kahawia, ndani ni laini kutoka ukingo hadi ukingo.

Wengi hufanya kinyume: kikaango kwanza, oveni ya nyuzi 200 baadaye. Ni haraka zaidi, hufaa siku ya kazi, ila ukichelewa kidogo tu nyama imekupita. Asiye na nafasi ya kusubiri usiku kucha ailoweke kwa saa 2 hadi 4 ndani ya friji katika lita 1 ya maji yenye vijiko 3 vya chakula vya chumvi laini, kisha aifute ikauke kabisa. Nyama yenye maji haikaangiki, huchemka.

Jiko la mkaa nalitumia hata theluji ikiwa imelala. Mkaa wote upande mmoja, upande wa pili mtupu: chopsi huiva taratibu upande mtupu huku nimefunika, kisha huhamia juu ya mkaa kwa dakika chache. Novemba 2022, theluji ya kutoka ziwa Erie ilipofika karibu mita 2 katika miji ya jirani ya Hamburg na Orchard Park, hata kulifikia jiko kulihitaji koleo la aina nyingine. Siku zile tulipika rosti.

Na rosti ina nyama yake. Chopsi ya bega, yenye mishipa na mafuta yaliyopenyezana, ndiyo inayostahili sufuria. Dada yangu aliyeko Columbus huikaanga kwanza, akaongeza vitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili mbuzi, akaifunika kwa moto mdogo saa moja na nusu mpaka iachane na mfupa. Hapo kipimajoto hakina kazi, kwani mishipa inataka joto la juu na muda mrefu ilainike. Ukifanya hivyo kwa chopsi ya mgongo utarudi kwenye ubao. Rafiki yetu wa Lubumbashi, ambaye kwake mnyama huyu ni ngulube, huila rosti hiyo kwa ugali na hakubali chopsi ya wekundu kamwe. Simlazimishi.

Nyuzi 63 ninazozitaja ni za nyama niliyoinunua ikiwa imekaguliwa. Wewe unayesoma ukiwa Moshi, Mbeya au Sinza, uliza muhuri wa mkaguzi kabla ya kuuliza bei, na uitazame nyama: ukiona vilengelenge vyeupe kama punje za mchele katikati ya misuli, usinunue hata kwa nusu ya bei. Kama huna uhakika wa ukaguzi, katakata, chemsha mpaka maji yakauke, ndipo ukaange.