Ghuba ya Ungwana na Sumaku Iliyo Kati ya Galaksi

Ukitoka Malindi kwenda Lamu, unauvuka Mto Tana karibu na Garsen. Kutoka hapo mto unajipinda kati ya mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma, mpaka Kipini unakomwaga maji yake mekundu katika Ghuba ya Ungwana. Wavuvi wanaijua ghuba hiyo kwa samaki na kamba wake. Wanaastronomia wanaijua kwa jambo jingine kabisa. Upande wake wa kusini, mbele ya Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960, wakawa wanarusha roketi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba tangu ijitawale, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco ikibeba setilaiti ya Marekani. Ilipewa jina Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na pahali pa kuirushia palichaguliwa kwa hesabu: karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi, na njia inayofuata ikweta huikwepesha setilaiti sehemu yenye mionzi mikali.

Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi, likiwemo lile la Koma lililo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 300, hung'aa kwa eksirei. Na eksirei hizo hazikutoka kwenye galaksi zenyewe tu. Zilienea katika nafasi iliyo kati yake. Ni nini kilichoko huko? Jibu lilipatikana mwaka 1976 kupitia Ariel 5, setilaiti ya Uingereza iliyorushwa Oktoba 1974, nayo pia kutoka Ungwana. Iliona alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, ushahidi kuwa nafasi hiyo imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii.

Gesi hiyo ndiyo ufunguo wa kupima sumaku iliyo kati ya galaksi. Hakuna dira inayoweza kupelekwa huko. Wataalamu hutegemea mawimbi ya redio ya galaksi zilizo mbali zaidi, nyuma ya kundi. Mawimbi hayo hutolewa na elektroni zinazozunguka kwa kasi kubwa ndani ya uga wa sumaku, na sehemu yake huwa imepolaishwa, yaani inatikisika katika upande mmoja, kama ugwe unaotikiswa juu na chini bila kwenda kando. Yakipita katika gesi yenye elektroni na sumaku, upande huo wa mtikisiko huzunguka kidogo kidogo. Michael Faraday aliona mzunguko wa namna hiyo maabarani, katika kioo, mwaka 1845.

Mawimbi marefu huzungushwa zaidi: urefu ukiongezeka maradufu, mzunguko huwa mara nne. Kwa hiyo darubini ya redio hupima chanzo kilekile katika urefu mbalimbali wa mawimbi, na tofauti baina ya vipimo hufichua kiasi cha mzunguko.

Lakini mzunguko huo hautegemei sumaku peke yake. Sumaku dhaifu penye elektroni nyingi hutoa jibu sawa na sumaku kali penye elektroni chache. Bila kujua elektroni ni ngapi, kipimo hakisemi lolote la uhakika, na eksirei ndizo zinazozihesabu. Njia iliyofunguliwa Ungwana ndiyo iliyowapa wataalamu wa redio nusu ya hesabu yao, na mwanafunzi wa Garsen au Kipini anastahili kufundishwa habari hii kama sehemu ya historia ya kwao.

Matokeo? Katikati ya kundi la Koma uga wa sumaku unakadiriwa kuwa mikrogausi chache, dhaifu mara makumi ya maelfu kuliko ule unaoelekeza dira za manahodha wetu wa pwani. Mwaka 2022, watafiti waliotumia LOFAR, mtandao wa antena wenye kitovu Uholanzi, walikadiria sumaku katika nyuzi za gesi zinazounganisha makundi ya galaksi. Walipata takriban nanogausi 30, yaani dhaifu mara milioni kumi hivi kuliko sumaku ya dunia ilivyo pwani ya Kenya.

Udhaifu huo usidharauliwe. Mwaka 2021, darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini ilionyesha jinsi mikondo inayotoka kwenye galaksi moja katika kundi la Abell 3376 inavyopindwa ghafla na uga wa sumaku ulioko kati ya galaksi. James Chibueze, Mnaijeria, aliongoza utafiti huo. MeerKAT itaingizwa katika SKA, mradi wa darubini za redio ambao Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini. Moja ya kazi za SKA ni kupima mzunguko wa mawimbi kutoka vyanzo vingi mno, ili ijulikane kama sumaku hizi zilikuwepo tangu ulimwengu ukiwa mchanga, au zilimwagwa baadaye na galaksi zenyewe.