Je, Wajua? Kinyongo cha Vita Nacho Huvuka Mpaka

Ukitoka Kasulu kwenda Kibondo, Burundi iko mkono wako wa kushoto njia nzima. Huku vita vya jirani havisikiki redioni tu, hubisha hodi. Haya ni mambo saba ya kumsimulia mwenzio jioni ya leo.

Mwaka mmoja, China yapatana, Burundi yawaka

Tarehe 29 Septemba 1972, mawaziri wakuu Zhou Enlai wa China na Tanaka Kakuei wa Japani walitia saini mapatano mjini Beijing, na China ikaachilia mbali madai ya fidia ya vita. Mwaka huohuo, tangu mwishoni mwa Aprili, Burundi ilikuwa ikiteketea. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi kusini mwa nchi, kisha jeshi la Rais Micombero likawageukia Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Na saini ya Beijing je, ilimaliza uchungu? Hata kidogo: mwaka 2014, miaka 42 baadaye, China ndiyo kwanza ikatenga tarehe 13 Desemba iwe siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa na jeshi la Japani mjini Nanjing mwaka 1937.

Kambini walikumbuka, mjini walichanganyika

Watu waliokimbia maafa yaleyale waliyabeba kwa namna mbili tofauti kabisa, kwa kutegemea walikofikia. Katikati ya miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na Wahutu wa 1972 katika makazi ya Mishamo, upande wa Mpanda, kisha akawafuata wengine Kigoma mjini. Mishamo kila mtu aliijua historia ya mateso na kuisimulia kama somo la darasani. Kigoma mjini walioa na kuolewa na wenyeji, wengine wakajitambulisha kama Waha, na hata jina la mkimbizi hawakulitaka. Kumbe kinyongo nacho kina anwani!

Chama kilichozaliwa ukimbizini

Palipehutu, chama kilichokuja kuitikisa Burundi kwa miaka mingi, hakikuzaliwa Bujumbura. Kilianzishwa mwaka 1980 hukohuko Mishamo, ardhi ya Tanzania, na mwasisi wake akiwa Rémy Gahutu. Tawi lake la kivita, FNL, ndilo lililokuwa kundi la mwisho la waasi kuweka silaha chini, mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka mwaka 1972 alikuwa anakaribia miaka arobaini.

Meli ya vita vya Wajerumani yaokoa Warundi

Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia ugomvi wa madaraka kwao walikwama katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huku kipindupindu kikiwaandama. Meli iliyowachukua hadi Kigoma ilikuwa imeundwa Ujerumani mwaka 1913! Ni MV Liemba, zamani ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikaletwa ndani ya maelfu ya makasha, ikaungwa Kigoma na kutumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Chombo cha vita vya Wazungu kikageuka daraja la Waafrika wanaokimbia vita.

Kambi iliyofunguliwa mara mbili

Warundi hao wa 2015 walipelekwa kwanza Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Muda si mrefu ikawa na zaidi ya watu 150,000: wajaze Uwanja wa Benjamin Mkapa mara mbili, na bado maelfu watabaki nje wakisubiri. Ndipo Oktoba 2015 kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Nduta iliwahi kuwahifadhi Warundi wa vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Vita vilikwisha, kambi ikafungwa. Hofu ikarudi, nayo ikafunguliwa.

Marais watatu, kovu moja

Ndadaye alikuwa mwanafunzi alipokimbilia Rwanda mwaka 1972. Pierre Nkurunziza alikuwa mtoto mdogo mwaka huohuo baba yake, aliyekuwa mbunge, alipouawa. Évariste Ndayishimiye alinusurika mwaka 1995, wanafunzi wa Kihutu waliposhambuliwa katika Chuo Kikuu cha Burundi. Ajabu zaidi, ni uamuzi wa Nkurunziza, yatima wa 1972, kugombea muhula wa tatu ulioijaza Nyarugusu mwaka 2015. Na safari hii ugomvi ulikuwa wa madaraka kuliko wa kabila: Wahutu na Watutsi walikuwa pande zote mbili.

Dawa mbili zilizopikwa Tanzania

Ya kwanza ni ya hesabu. Mazungumzo ya Arusha ya kuleta amani Burundi yalisimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Katiba iliyofuata, ya mwaka 2005, iliweka mizani: bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, jeshini, kabila lolote lisizidi nusu. Ya pili ni ya karatasi. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia watu 162,156 kutoka makazi ya 1972, yaani Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kwa sharti la kuukana uraia wa Burundi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazee. Kwa hiyo Mishamo ileile iliyozaa chama cha kudai haki Burundi, sasa ina Watanzania wanaodai barabara na zahanati kwa mbunge wao, kama sisi wengine wote!