Utumbo Nao Huonja

Sisi watu wa Pwani tukimwona mtu amerudia sahani ya pili ya biriani, humwita mroho tukamaliza. Mimi naona tunamdhulumu. Njaa na shibe si suala la adabu peke yake. Ni mazungumzo baina ya utumbo na ubongo, na wapeleka habari ni homoni.

Katika utando wa ndani wa utumbo mna seli maalumu, takriban moja katika kila mia. Upande mmoja zimeelekea chakula kinachopita, upande wa pili zimeelekea damu na neva. Zina vipokezi vya kutambua sukari, mafuta na protini, mithili ya ulimi unavyoonja.

Zile za mwanzo wa utumbo mwembamba zikikutana na mafuta au protini hutoa kolesistokinini. Homoni hii hukaza kibofu cha nyongo, huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na hupeleka habari kwenye ubongo kuwa tumeshiba. Nyingine, nyingi zikiwa mwisho wa utumbo, hutoa GLP-1, ambayo huhimiza kongosho kutoa insulini sukari inapopanda na hupunguza hamu ya kula. Tumbo likiwa tupu hutoa grelini, iliyotangazwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Hiyo ndiyo huchochea njaa.

Habari hizi huchukua muda kufika. Anayefuturu kwa pupa, viazi karai juu ya kaimati, huimaliza sahani kabla ubongo haujaambiwa.

GLP-1 ya mwili haidumu katika damu zaidi ya dakika chache. Sindano mpya za kisukari na unene zimetengenezwa kuiiga, na baadhi hufanya kazi wiki nzima. Kwa hivyo ni dawa nzito, zenye madhara yake, na hazifai kununuliwa kwa mtu wa mtandaoni bila ya daktari kukupima.

Rai yangu ni nyepesi. Tuanze na mboga, mbaazi au samaki, wali ufuate, na tule polepole. Nyuzinyuzi za mbaazi na kunde huliwa na bakteria wa utumbo, nao hutoa asidi zinazoziamsha seli hizo hizo. Na mwenye kisukari asibadili dawa zake kabla ya kuzungumza na daktari.