Njuka kutoka Liuli apewe na mpira

MCHEZAJI akihama klabu kuna utaratibu wake. Anasaini, anapimwa afya, anaingia kambini na wenzake kabla ligi haijaanza. Kocha akiwa mwelewa, mechi za kwanza anamwanzisha benchi mpaka auzoee mfumo.

Mwanafunzi naye husajiliwa. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, kijana wa Liuli, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, anafunga sanduku, godoro na ndoo, anapanda gari kwenda kwenye bweni asilowahi kuliona. Anashuka jioni, kesho yake ligi imeanza. Wenyeji wake wanamwita njuka, na jina hilo atakaa nalo mwaka mzima.

Liuli iko Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lililopo bandarini, na Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli yao, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Leo ni kijiji cha wavuvi, cha Hospitali ya Mtakatifu Anna na cha watoto wanaopiga chandimu mchangani mpaka giza liingie.

Mtoto huyo akipangiwa shule ya bweni upande wa Mbinga au Songea, cha kwanza kumpiga ni baridi. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati milima ya Umatengo inapita mita 1,500. Aliyezoea kujitupa ziwani asubuhi sasa anayaogopa maji ya ndoo. Nyumbani ni ugali wa muhogo na samaki, bwenini ni ugali wa mahindi na maharage, kesho maharage tena. Lakini haya mwili unayazoea. Kinachomkalisha benchi ni kingine.

Lugha ndiyo beki kisiki

Tangu mwaka 1967, shule za msingi za serikali kwa sehemu kubwa zimefundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka, kuanzia hesabu, ingawa si somo la Kiswahili lenyewe. Yule aliyekuwa wa kwanza darasa la saba, mkono juu kila swali, sasa anaogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ndiyo, kuna kozi ya awali ya Kiingereza kwa wanaoanza. Ila miaka saba ya Kiswahili haigeuzwi kwa wiki chache. Akijaribu kusema wenzake wakacheka, anafunga mdomo. Akifunga mdomo mwalimu hamjui, na asiyejulikana hata akitoroka hakuna wa kumuulizia. Kwa kijana wa ziwani pa kutorokea panajulikana, maana mtumbwini hapaulizwi Kiingereza na hela ya dagaa inaonekana siku hiyo hiyo.

Uwanjani hakuna bubu

Saa kumi jioni mambo ni tofauti. Njuka akipokea mpira, akampiga mtu chenga, akatoa pasi ya bao, usiku huo bweni zima linamjua. Anapata jina la utani, anapata kaka wa kidato cha tatu wa kumwazima daftari na kumwelekeza hesabu. Kwa wasichana netiboli inafanya kazi hiyo hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo walimu wengi hawalitumii. Mtoto huyu tayari anajua ofsaidi, penalti, kona na refa. Ni Kiingereza kitupu kilichovaa jezi ya Kiswahili, na alikijua bila kozi wala fimbo. Alikijua kwa sababu alikihitaji, na hakuna aliyemcheka.

Tatizo ni kwamba katika shule nyingi mpira ni wa wakubwa. Timu inaandaliwa kwa ajili ya UMISSETA, jezi zinagawiwa kidato cha tatu na cha nne, njuka kazi yake kuokota mipira. Kwingine anaambiwa asahau michezo kwanza, asome. Kwa nia njema kabisa, ananyang'anywa sehemu pekee ambayo si mgeni.

Msimu mmoja hautoshi

Hata mastaa walihitaji muda. Mbwana Samatta alitua Genk, Ubelgiji, Januari 2016. Msimu wake mkubwa, wa ubingwa na mabao 23 ya ligi, ulikuwa 2018/19. Klabu ilimvumilia. Na yule ambaye uwanja wetu mkubwa Dar es Salaam una jina lake, Benjamin Mkapa, alitoka Lupaso, Masasi, akasoma Seminari ya Kigonsera, huku huku Mbinga, kabla ya kwenda Pugu na Makerere. Naye aliwahi kuwa mgeni mwenye sanduku.

Chuoni mambo yanarudi upya, ila kinyume chake. Hakuna kengele, hakuna kiranja, bumu liko mkononi na hakuna anayeuliza umelala wapi. Aliyezoea kusukumwa anaweza kupotea humo bila mtu kujua. Hapo pia timu inasaidia, kwa sababu mazoezi yana saa yake na usipotokea, wenzako watakupigia simu.

Mpira haufundishi fizikia, na mechi haiwezi kuziba pengo la mwalimu wa Kiingereza. Lakini kuna jambo dogo ambalo shule yoyote ya Nyasa, Mbinga au Songea inaweza kulianza Januari bila kusubiri bajeti. Ni ligi ya mabweni, kuanzia wiki ya pili ya muhula, kila timu ilazimike kuanza na njuka wanne. Vivyo hivyo kwenye netiboli. Mwalimu wa Kiingereza apewe filimbi, maelekezo yote uwanjani yawe kwa Kiingereza, na anayecheka mwenzake atoke nje dakika tano.

Gharama yake ni mipira miwili na filimbi moja. Kumpoteza mtoto aliyefaulu darasa la saba ni ghali zaidi.