Picha ya Bidhaa Mtandaoni ni Ahadi kwa Mnunuzi

Mnunuzi wa kanga anayefika dukani haangalii rangi peke yake. Huikunjua doti, huutazama mji na pindo zake, hukipapasa kitambaa ili kupima uzito wake, kisha husoma jina lililoandikwa, kwa kuwa kanga ya rangi nzuri yenye jina lisilofaa haiwezi kupelekwa zawadi kwa mkwe. Mnunuzi huyohuyo anapoiona kanga ileile katika simu, hana cha kupapasa. Kilichopo mbele yake ni picha, maneno machache chini ya picha hiyo na namba ya simu. Kwa msingi wa vitu hivyo vitatu anatakiwa kutuma fedha kwa mtu asiyemfahamu, ambaye pengine yuko katika mkoa mwingine.

Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara anayetumia mitandao ya kijamii ya picha na video anapaswa kuitazama picha kama sehemu ya makubaliano ya mauzo, na si pambo la kuvutia macho. Kinachoonekana katika picha ndicho mnunuzi anachokilipia. Kikifika kikiwa tofauti, mauzo hayo hugeuka mgogoro, hata kama muuzaji hakukusudia kudanganya.

Mitandao hiyo haikuanzishwa kuwa maduka. Instagram ilipozinduliwa mwezi Oktoba 2010 ilikuwa mahali pa watu kuoneshana picha zao. TikTok ilijengwa juu ya video fupi za burudani. WhatsApp ilikuja kuongeza programu maalumu ya wafanyabiashara mwaka 2018, ambayo ndani yake mtu anaweza kupanga bidhaa zake pamoja na bei. Hata hivyo, wauza vitenge, viatu, samani, keki na mitandio hapa nchini wameyageuza majukwaa hayo kuwa maduka kamili. Kijana asiye na uwezo wa kulipa kilemba cha fremu Kariakoo anaweza leo kumuuzia mteja aliyeko Songea au Kigoma akiwa nyumbani kwake.

Urahisi huo una upande wake wa pili. Picha moja iliyopigwa katika duka moja la Kariakoo huweza kuonekana katika akaunti nyingi, kila moja ikiwa na bei yake na namba yake ya simu. Si wote wanaozitumia picha hizo ni matapeli. Wengi ni wachuuzi wanaokwenda kuchukua bidhaa baada ya mteja kulipa. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kujenga imani ni muuzaji kupiga picha zake mwenyewe. Asiye na bidhaa mkononi naye anaweza kufanya biashara halali, mradi aandike wazi kwamba bidhaa ni ya kuagiza na itachukua siku kadhaa.

Kamera ya simu janja ya kawaida inatosha kwa kazi hii. Kinachokosekana mara nyingi ni mwanga. Bidhaa iliyowekwa karibu na mlango au dirisha, asubuhi au alasiri, mahali ambapo jua haliipigi moja kwa moja, huonesha rangi yake halisi. Jua la mchana huchoma rangi na kuacha vivuli vikali, na taa za umanjano hugeuza nguo nyeupe ionekane ya maziwa na ya buluu ielekee kijani. Vichujio vya kung'arisha picha vina madhara yanayofanana na hayo. Muuza batiki anayeongeza ukali wa rangi kwa kichujio anaweza kupata watu wengi zaidi wa kuipenda picha siku hiyo, na mzigo uliorudishwa wiki inayofuata.

Baada ya rangi ni kipimo, na hapa ndipo picha nyingi nzuri zinaposhindwa. Chukua mfano wa vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu. Kikapu kilichopigwa picha peke yake mbele ya ukuta mweupe hakimwambii mtu kama kinatosha mkate mmoja au nguo za wiki nzima. Mkono wa mtu ukikishika, au chupa ya soda ikisimamishwa kando yake, swali hilo hujibiwa kabla halijaulizwa. Kisha urefu na upana huandikwa kwa sentimeta. Kwa kanga, picha tatu hukidhi haja: ya kwanza ikiionesha ikiwa imekunjuliwa yote, pindo na mji vikionekana; ya pili ikisogea karibu na jina hadi lisomeke; na ya tatu ikionesha ufumaji wa kitambaa. Kwa viatu vya ngozi, mnunuzi anataka kuona soli na mshono wa ndani kuliko kuona kiatu kikiwa juu ya zulia jekundu. Nguo ya mtumba yenye doa ipigwe picha ya doa hilo pia. Muuzaji anayeonesha kasoro ndogo ya bidhaa yake huaminiwa zaidi anaposema bidhaa nyingine haina kasoro.

Video ina kazi ambayo picha haiwezi. Huonesha wepesi wa mtandio unapopeperuka na zipu ya mkoba inavyofungwa. Kwa bidhaa za mikono, video ndiyo njia bora ya kueleza bei. Wateja wengi hawaelewi kwa nini batiki iliyotengenezwa kwa mkono inauzwa ghali kuliko kitambaa cha kiwandani kilichochapwa michoro inayofanana nayo. Video fupi ikimwonesha fundi akipaka nta sehemu ambazo hazitakiwi kushika rangi, akitumbukiza kitambaa kwenye rangi, akikianika, akirudia kwa rangi ya pili, kisha akikichemsha ili kuitoa nta, humaliza ubishi wa bei. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambavyo vingi hujishughulisha na kazi za aina hii, vina utajiri wa video ambazo mchuuzi asiyetengeneza chochote hawezi kuzipata. Ni jambo la kusikitisha kwamba vikundi vingi bado husubiri msimu wa maonesho ili vionekane.

Video hizo ziwe fupi. Mteja hulipia bando ili kuzitazama, na wengine huzitazama kwenye daladala wakiwa wamezima sauti. Maelezo muhimu yaandikwe juu ya video yenyewe.

Maneno chini ya picha nayo yana uzito wake. Kuna desturi iliyoenea ya kuandika “bei njoo inboksi”. Wauzaji wana sababu zao: hawataki washindani waione bei, au wanaacha nafasi ya kupatana. Lakini mteja anayelazimika kuuliza bei ya kila kitu huchoka, na wengine huhisi kwamba bei itapangwa kwa kuangalia sura ya akaunti yao. Kupatana hakuzuiwi na bei kuandikwa. Muuzaji anaweza kuandika bei ya doti moja, kisha akaongeza kwamba inapungua kwa anayechukua kuanzia doti tatu. Yafaa pia aandike mahali alipo, gharama ya kusafirisha na siku ambazo mzigo utachukua kufika, iwe kwa bodaboda ndani ya jiji, kwa basi la mkoani au kwa huduma ya EMS ya Shirika la Posta. Maneno ya kawaida ambayo wateja huyatumia wanapotafuta, kama “viatu vya shule Mwanza”, husaidia bidhaa kupatikana kuliko misemo ya mbwembwe.

Jambo hili si la adabu ya biashara tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki kumpa mlaji taarifa za utambulisho wake, anuani yake na maelezo ya bidhaa anayoiuza. Akaunti isiyo na jina la mtu wala mahali, yenye picha na namba ya simu pekee, haikidhi matakwa hayo.

Kwa wanaolenga wateja wa nje ya nchi, hasa wauza vikapu, vinyago na michoro ya Tingatinga, upo mtandao wa Pinterest ambao haujazoeleka sana hapa nchini. Watumiaji wake huutumia kutafuta mawazo ya kupamba nyumba au kupanga sherehe, na picha inaweza kuunganishwa na tovuti ya muuzaji. Picha iliyowekwa huko huweza kuendelea kuonekana kwa muda mrefu, tofauti na ile ya hali ya WhatsApp inayotoweka baada ya saa 24.

Kuchukua picha ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa jingine lililozoeleka hadi likaonekana la kawaida. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msimamizi wa haki hizo Tanzania Bara ni COSOTA. Kuweka jina la biashara kwenye kona ya picha hakumzuii mwizi kabisa, lakini humpa kazi na humsaidia mwenye mali kujieleza.

Lipo pia suala la faragha za wateja. Wauzaji wengi, wakitaka kuthibitisha kwamba wanaaminika, huweka hadharani picha ya ujumbe wa malipo waliotumiwa na mteja, jina na namba yake ya simu vikiwa wazi. Wengine huweka mazungumzo yote, yakiwamo maelekezo ya nyumbani kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za aina hiyo, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Njia salama ni kuomba ridhaa ya mteja kwanza na kufuta jina na namba kabla ya kuonesha ujumbe wowote. Ridhaa hiyo inahitajika pia kwa picha ya mteja aliyevaa nguo aliyoinunua, na uangalifu uwe mkubwa zaidi pale anayeonekana ni mtoto.

Zipo bidhaa ambazo picha nzuri haiwezi kuzihalalisha. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), huku dawa na vifaa tiba vikisimamiwa na TMDA. Picha mbili za uso mmoja, wa kwanza mweusi na wa pili mweupe, zinazotumika kuuzia krimu isiyo na jina la mtengenezaji, hazimwambii mnunuzi kilichomo ndani ya kopo.

Kurasimisha biashara humwongezea muuzaji sifa ambayo kamera haiwezi kumpa. Namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN) hutolewa bila malipo na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao. Akiwa na jina lililosajiliwa, mfanyabiashara anaweza kupata lipa namba yenye jina hilohilo. Faida yake huonekana wakati wa malipo: mteja huliona jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba yake ya siri, na jina hilo likilingana na la kwenye akaunti, wasiwasi hupungua. Likitokea jina la mtu mwingine kabisa, mteja ana haki ya kusita.

Mnunuzi naye ana wajibu wa kuchunguza. Akaunti iliyofunga sehemu ya maoni, iliyobadilisha jina hivi karibuni au inayouza simu mpya kwa nusu ya bei ya sokoni inastahili kutiliwa shaka. Ipo njia rahisi ya kumpima muuzaji: kumwomba picha mpya ya bidhaa ikiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la mnunuzi. Aliye na bidhaa huipiga kwa dakika moja. Asiye nayo huanza kutoa visingizio. Namba inayotuma ujumbe wa kitapeli iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na aliyekwisha kupoteza fedha atoe taarifa kituo cha polisi akiwa amehifadhi mazungumzo na uthibitisho wa muamala.

Hatimaye, akaunti yenyewe ni mali ya kulindwa. Laini ya simu iliyounganishwa nayo iwe imesajiliwa kwa jina la mwenye biashara, jambo analoweza kulihakiki kwa kupiga *106#, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Msaidizi anayejibu wateja asipewe nywila ambayo haitabadilishwa siku akiacha kazi. Hata akaunti iliyolindwa vizuri inategemea mtambo wa kampuni nyingine: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa wakati mmoja kwa takribani saa sita duniani kote. Muuzaji aliyekuwa na majina na namba za wateja wake katika daftari aliweza kuwapigia simu na kuendelea kupokea oda.